Huduma ya kwanza kwa watoto wadogo: maswali ambayo walezi hutuuliza kila darasa

Mimi ni muuguzi, na kwa miaka kadhaa sasa ninafundisha huduma ya kwanza kwa watu wanaoshinda na watoto walio chini ya miaka mitano: akina dada wa kazi, walezi wa vituo vya mchana, walimu wa awali, mabibi, na wazazi wanaopata nafasi. Darasa letu liko Dar es Salaam. Maswali yafuatayo hayakosekani hata mara moja, nami nimeyaandika jinsi yanavyokuja.

Huduma ya kwanza nilishafundishwa kazini. Ya watoto ina tofauti gani?

Tofauti kubwa iko kwenye pumzi. Mtu mzima akianguka ghafla na kuzimia, mara nyingi moyo ndio uliogoma kwanza. Moyo wa mtoto mdogo kwa kawaida ni mzima. Kinachotangulia kukatika ni hewa, kwa kupaliwa, kuzama au nimonia, na moyo hufuata nyuma. Kwa hiyo kwa mtoto tunasisitiza kumpulizia pumzi, si kukandamiza kifua peke yake.

Halafu kuna maumbile. Njia yake ya hewa ni nyembamba, ulimi umejaa mdomoni, kichwa ni kizito kwa mwili ule, ngozi ni laini. Chai ambayo wewe ungejifuta na kuendelea na kazi, yeye inamchubua. Na ile nguvu ya mikono miwili uliyofundishwa kwa mtu mzima, ukiihamishia kwa mtoto wa miezi 6, utamuumiza.

Nani hasa aje darasani, mimi mama au dada anayekaa na mtoto?

Jiulize saa nne asubuhi siku ya Jumanne nani yuko na mtoto. Huyo ndiye aje. Mkiweza kuja wote wawili, afadhali zaidi, maana mtazungumza lugha moja siku ya tatizo.

Hapa naomba nisikilizwe vizuri, wazazi wenzangu. Ubongo wa mtoto asiyepumua huanza kuharibika ndani ya dakika chache. Hakuna mama anayeweza kutoka ofisini Posta akafika Mbagala kwa dakika hizo, wala hakuna gari la wagonjwa litakalofika. Atakayemwokoa mtoto ni yule aliye chumba kimoja naye, na katika nyumba nyingi huyo ni binti wa miaka ishirini ambaye hakuna aliyewahi kumfundisha chochote ila namna ya kupiga deki na kupika uji. Mlipie mafunzo. Siku ya mafunzo ihesabike ni siku ya kazi, na mshahara usikatwe.

Na mpe ruhusa. Nimekutana na dada aliyekaa na mtoto aliyeungua kwa zaidi ya saa moja akisubiri bosi wake apokee simu, kwa sababu aliambiwa asitoke nyumbani bila kibali. Mwambie kwa mdomo wako: likitokea jambo, nenda kwanza, nipigie ukiwa njiani. Acha pesa ya bajaji mahali anapopajua, pamoja na kadi ya bima ya mtoto na kadi ya kliniki.

Sijui kusoma vizuri. Nitaweza?

Utaweza. Haya ni mambo ya mikono na macho. Baadhi ya wanafunzi wangu hodari ni mabibi ambao hawajui kusoma, kwa sababu wao huangalia mikono ya mwalimu badala ya kuandika.

Mtoto amepaliwa. Nianze na nini?

Anza kwa kumsikiliza. Kama anakohoa kwa sauti au analia, hewa inapita. Mwache akohoe, mkalie karibu, usimpige mgongoni, usimpe maji wala tonge. Kikohozi chake kina nguvu kuliko mkono wako. Hatari ni ukimya: mdomo uko wazi, macho yametoka, hakuna sauti, midomo inaanza kuwa ya bluu. Hapo ndipo unaingilia, na unaita watu kwa sauti huku ukifanya.

Mtoto chini ya mwaka mmoja: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, mkono ukiwa umeegemea paja, kichwa kiwe chini kuliko kifua, taya ukiwa umeishika bila kubana koo. Mpige mapigo 5 katikati ya mabega kwa kitako cha kiganja. Mgeuze chali, kichwa bado kiko chini, tazama mdomoni. Kama hakijatoka, mkandamize kifuani mara 5, kwenye mfupa wa kidari chini kidogo ya usawa wa chuchu. Rudi mgongoni. Endelea hivyo kwa zamu mpaka kitoke au mtoto alegee. Tumbo la mtoto wa umri huu halikandamizwi kabisa, maana ini lake ni kubwa na halijafunikwa vizuri na mbavu.

Aliyezidi mwaka: mwinamishe mbele, mapigo 5 mgongoni. Kisha simama au piga magoti nyuma yake, weka ngumi kati ya kitovu na ncha ya chini ya kidari, ifunike kwa mkono mwingine, vuta ndani na juu kwa nguvu mara 5. Akipona kwa njia hii ya tumbo, bado mpeleke hospitali akaangaliwe.

Usitie kidole kooni kwa kupapasa. Nawaambia hivi, wanaitikia, halafu nikiwapa mdoli wa mazoezi nusu yao wanaingiza kidole. Ni mazoea ya mikono. Unatoa kitu pale tu unapokiona kwa macho, la sivyo unakisukuma ndani zaidi.

Akilegea na kuacha kupumua, mlaze sakafuni na uanze kumfufua, kama nitakavyoeleza chini.

Vitu gani hasa vinawapalia?

Karanga, ubuyu, pipi ngumu, mbegu za machungwa na stafeli, vipande vya nyama vya mviringo, zabibu nzima, maharage mabichi, sarafu, shanga, vifuniko vya kalamu, na puto lililopasuka. Ubuyu nautaja kwa makusudi: watoto wetu wanaupewa kama zawadi, na ile kokwa inateleza. Mtoto chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima wala ubuyu wa kumung'unya.

Betri ndogo bapa za saa na rimoti ni jambo jingine kabisa. Hata kama imepita na mtoto anacheza, ikinasa kooni huunguza nyama ndani ya saa mbili. Hospitali moja kwa moja, usingoje itoke chooni.

Na kuna uji. Bado tunaona mtoto analazwa mapajani, pua inabanwa, uji unamiminwa ili ameze. Najua mama anafanya hivyo kwa uchungu wa mtoto asiyekula, na mara nyingi ndivyo alivyolelewa yeye mwenyewe. Lakini anayebanwa pua lazima avute pumzi kwa mdomo, na mdomo umejaa uji. Uji huo unakwenda mapafuni. Mlishe akiwa ameketi, kijiko kwa kijiko, akikataa pumzika.

Mfupa wa samaki ukikwama, nimpe tonge la ugali?

Hapana. Tonge linaweza kuuchomeka ndani zaidi. Kama anapumua na kuzungumza sawasawa, mpelekeni kituo cha afya wautoe kwa kuona.

Mtoto haitiki na hapumui. Namfufua vipi?

Mguse, muite, mgonge nyayo kama ni mchanga. Haitiki? Inua kidevu taratibu (mtoto mchanga kichwa kikae sawa tu, kisipindwe nyuma sana), tazama kifua, sikiliza na uhisi pumzi kwa shavu lako kwa sekunde 10, zisizidi. Kama hapumui, au anatweta kwa mbali kama samaki aliyetolewa majini, anza.

Pumzi: kwa mtoto chini ya mwaka mmoja, mdomo wako ufunike mdomo na pua yake pamoja. Mkubwa zaidi, ziba pua, puliza mdomoni. Hewa ya mashavu yako inatosha mchanga. Acha kupuliza ukiona kifua kimeinuka.

Kukandamiza: nusu ya chini ya mfupa wa kidari, kina cha theluthi moja ya kifua, yaani kama sentimita 4 kwa mchanga na 5 kwa mkubwa. Kwa mchanga tumia madole gumba mawili huku vidole vingine vimezunguka mbavu. Kwa mkubwa, kitako cha kiganja kimoja, au viwili kama ana umbo kubwa. Kasi ni mara 100 hadi 120 kwa dakika. Hesabu 30, kisha pumzi 2, unarudia.

Wengine huja wamechanganyikiwa kwa sababu darasa moja liliwafundisha kuanza na pumzi 5 na jingine kuanza na kukandamiza 30. Yote mawili ni sahihi: mwongozo wa Ulaya kwa watoto huanza na pumzi 5, wa Marekani huanza na kukandamiza. Fuata ulichofanyia mazoezi. Aliyezama majini tu, huyo usibishane, anza na pumzi.

Simu iwe sakafuni, spika imewashwa, unapiga huku mikono inafanya kazi. Kama huna simu na uko peke yako, fufua kwa dakika moja au mbili ndipo ukimbie kuita, na kama mtoto anabebeka, mbebe.

Degedege: ni kweli asipelekwe hospitali akachomwe sindano?

Swali hili nalijibu kwa heshima, kwa sababu anayeuliza kwa kawaida ni bibi aliyezika. Pwani yetu wazee wengi wameamini kwamba degedege huletwa na ndege au shetani anayepita usiku, na kwamba sindano humuua mtoto aliyepitiwa. Kwa hiyo kwanza anafukizwa, wengine hata kwa kinyesi cha tembo, au anamwagiwa maji ya baridi, na hospitali inakuja mwisho. Sasa fikiria: mtoto anayefikishwa mwisho, malaria ikiwa imeshapanda kichwani, akachomwa sindano na kufariki, kijiji kizima kitasema sindano ndiyo iliyomuua. Imani hiyo imejengwa juu ya kuchelewa.

Degedege la homa huwapata watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5, na mengi huisha yenyewe ndani ya dakika chache. Unachofanya: mlaze ubavu mahali laini, sogeza vitu vigumu, legeza nguo, angalia saa. Usimshike kwa nguvu. Usitie kijiko, kidole wala kitambaa mdomoni, hawezi kumeza ulimi wake. Usimpe dawa ya maji wakati anatikisika, ataivuta mapafuni. Likiisha mwache akilala ubavu.

Likizidi dakika 5, likirudi kabla hajazinduka, au pumzi ikawa ya shida, ondokeni mara moja. Na hata likiisha mapema, hapa kwetu mtoto mwenye homa aliyeshikwa na degedege anapelekwa siku hiyohiyo apimwe malaria na homa ya uti wa mgongo iangaliwe. Kama familia inataka kusoma dua, dua inasomeka ndani ya bajaji.

Ameungua kwa chai (au uji, au maji ya kuoga). Nipake nini?

Maji. Maji ya kawaida ya bomba, yanayotiririka, dakika 20 kamili. Dakika mbili hazitoshi. Joto linabaki ndani ya ngozi na linaendelea kupika hata baada ya chai kupoa. Maji ndiyo yanayolitoa. Hata kama limepita saa moja au mawili, bado mmwagie.

Mtaa usio na bomba? Ndoo na kata. Mwagia juu ya jeraha, beseni likusanye chini, chota tena. Nimewafundisha hivyo akina mama wanaonunua maji kwa dumu, na inawezekana. Barafu usiweke. Vua nguo, bangili na shanga upesi kabla hapajavimba, ila kilichogandamana na ngozi kiache. Poza jeraha, lakini mwili mwingine wa mtoto ufunike asipate baridi.

Dawa ya meno, asali, ute wa yai, unga, mafuta ya kupikia, matope, mkojo: hapana kwa vyote. Hivyo vinazuia joto kutoka, vinaingiza vijidudu, na daktari atalazimika kuvikwangua juu ya jeraha bichi huku mtoto analia. Funika kwa kanga safi iliyofuliwa na kupigwa pasi, au mfuko safi wa nailoni kwa mkono. Malengelenge usiyapasue.

Hospitali ni lazima kama ni mtoto mchanga, kama jeraha limezidi ukubwa wa kiganja cha mtoto mwenyewe, au liko usoni, mikononi, nyayoni, sehemu za siri au kwenye kiungo.

Amekunywa mafuta ya taa. Nimpe maziwa atapike?

Usimtapishe, usimpe maziwa, usimpe maji ya chumvi wala mafuta ya mawese. Mafuta ya taa hayadhuru tumbo sana kama yanavyodhuru mapafu, na anapotapika ndipo yanapoingia huko. Mvue nguo zilizolowa, osha ngozi, mkalishe, mpeleke hospitali na chupa yenyewe. Akikohoa au kupumua kwa kasi, harakisha. Kutotapisha ni kanuni hiyohiyo kwa dawa ya kufulia madoa na dawa ya choo.

Karibu kila kisa cha mafuta ya taa nilichokutana nacho kilianza na chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto hakukosea, alikunywa soda. Tafuteni chombo kingine.

Ametolewa kwenye ndoo ya maji au kisimani. Nimning'inize miguu juu?

Hapana, wala usimbonyeze tumbo. Unapoteza sekunde, na yatakayotoka ni maji ya tumboni yanayoweza kurudi mapafuni. Mlaze, angalia pumzi, kama hakuna mpulizie na uanze kumfufua. Akizinduka, bado apelekwe hospitali, kwani mapafu yanaweza kuanza kuleta shida baadaye. Mtoto anayetambaa huzama kwenye ndoo ya nusu tu: kichwa kizito, anainama, anashindwa kujinyanyua. Ndoo na mapipa yafunikwe, beseni la kufulia limwagwe.

Ameanguka kitandani. Ni kweli asilale?

Kama alilia mara moja, akanyamaza, anacheza, na ni wakati wake wa kulala, alale. Muamshe mara kwa mara uone anaitikia kama kawaida. Mpeleke upesi akitapika mara kwa mara, akiwa mgumu kuamka, akitoka damu au majimaji masikioni au puani, akishikwa na degedege, utosi ukivimba, au mboni za macho zikitofautiana.

Nipige simu namba gani?

Tanzania namba ya dharura ni 112. Kwa dharura ya mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga kuna 115, usafiri wa m-mama, bila malipo. Kenya ni 999 au 112, na Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199.

Lakini mipango yako isiishie kwenye namba. Usiku wa leo, jua zahanati au kituo cha afya gani karibu yako kinafanya kazi saa 24 na kina oksijeni. Kuwa na namba za madereva wawili wa bajaji wanaolala mtaani kwako, uziandike kwenye karatasi ukutani kwa maandishi makubwa, maana simu ya dada inaweza isiwe na chaji.

Mafunzo huchukua muda gani, na nitajuaje kama ni ya kweli?

Letu ni siku mbili. Vyeti kwa kawaida hudumu miaka miwili au mitatu, ingawa mikono husahau mapema zaidi. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, kilichopo tangu 1962, hufundisha huduma ya kwanza. Kenya kuna Msalaba Mwekundu na St John Ambulance. Popote utakapokwenda, uliza kabla ya kulipa: kuna mdoli wa ukubwa wa mtoto mchanga? Ni watu wangapi kwa mdoli mmoja? Nitafanya mwenyewe mpaka nirekebishwe? Mtafundisha kwa Kiswahili? Anayekuuzia cheti baada ya slaidi za asubuhi moja anakuuzia karatasi.

Mdoli wenyewe una historia inayonigusa. Ulitengenezwa mwaka 1960 na Asmund Lærdal, mtengeneza midoli wa Norwe, ambaye mwanawe mdogo alinusurika kuzama majini.

Kituo cha watoto ninachompeleka mwanangu, niwaulize nini?

Vituo vya kulelea watoto mchana viko chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na ustawi wa jamii, kwa hiyo omba kuona usajili. Kisha uliza nani kati ya walezi waliopo leo, si wa mwaka jana, amefunzwa. Jiko liko wapi, sanduku la huduma ya kwanza liko wapi, nani anampeleka mtoto hospitali na wengine wanabaki na nani. Angalia kama wanajibu bila kutazamana.

Niko Uingereza, nataka kazi ya kitalu cha watoto. Cheti cha nyumbani kitakubalika?

England ina utaratibu wake. Wakati wote watoto wapo, na hata wakitoka matembezi, lazima awepo mtu mwenye cheti kamili cha huduma ya kwanza ya watoto, kozi ya saa zisizopungua 12, na huhuishwa kila miaka 3. Utahitaji kusoma huko. Ulichojifunza hapa kitakusaidia darasani.

Naogopa nitamvunja mbavu.

Wote wanaogopa, hasa wanaowapenda. Mtoto asiyepumua yuko katika hali mbaya kuliko yoyote utakayomsababishia kwa kumkandamiza. Ubavu huunga.

Nyumbani nifanyeje nisisahau?

Shona mdoli wa matambara, ujaze mchanga kidogo kichwani uwe mzito. Kila mwisho wa mwezi mpakate, mgeuze kifudifudi kwenye paja, hesabu mapigo matano kwa sauti, mgeuze chali. Usifanye mazoezi ya kupiga wala kukandamiza kwa mtoto mzima wa afya. Muite na kaka mkubwa wa miaka kumi aangalie. Mpe kazi yake, ya kukimbia kwa jirani na kusema maneno matatu: mtoto hapumui, njooni.